Ukucha wa Kuchagulia Mbegu

Ukucha wa kidole gumba cha mkono wake wa kulia ulikuwa mnene, wa manjano, mgumu kama kipande cha pembe. Kucha nyingine alizikata kama watu wote. Huo aliuacha utokeze, kwa sababu ndio aliochagulia mbegu. Mavuno yakishaingia alikaa uani kwenye kigoda, rundo la mahindi mbele yake, akalichukua hindi moja baada ya jingine. Alibandua punje ya katikati, akaigeuza, akaubonyeza ukucha palipo na kiini. Kiini kikivunjika na kutoa unga mkavu alisema, "Huyu ameshakufa," na hindi likaenda upande wa chakula. Kikiukatalia ukucha, kikaacha mafuta kidogo kwenye ngozi, alisema, "Huyu mzima." Hakusema "hili." Mahindi ya mbegu aliyataja kama watu.

Ndiyo maana wakamwita Mama Kucha. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata mumewe alilikumbuka kwa shida siku za kwenda hospitali.

Si kwamba alipenda kulima. "Nani anapenda kuinama?" alikuwa akisema, mikono kiunoni, akijinyoosha mwishoni mwa mstari. Binti yao aliwahi kuulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, akajibu, "Hana kazi, analima tu." Nyumbani walicheka, na Mama Kucha alicheka kuliko wote, halafu akarudi shambani akapalilia kwa nguvu ambayo majani yale hayakuistahili.

Lakini kuchagua mbegu alikupenda. Wiki hizo alikuwa mtu mwingine. Majirani walileta mahindi yao kwenye vikapu na magunia, wakakaa wakimtazama, na yeye akawafundisha bila kujua kwamba anafundisha: usichague hindi kubwa kuliko yote, kubwa lina tamaa; chagua lililojaa mpaka nchani, lenye maganda yaliyobana kama mdomo wa mtu anayeficha siri, maana mvua haipenyi wala mdudu haingii. Aliyoyachagua aliyafunga mawili mawili kwa maganda yao, akayatundika kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni. Huko yalikaa mpaka msimu mwingine, yakiingia moshi kila siku, yakawa meusi kwa nje na safi kwa ndani.

Mbegu yenyewe alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Mahindi meupe, magumu, na hapa na pale punje moja nyekundu, kama tone la damu lililoruka kutoka mahali. Hayakuzaa sana. Mwaka wa mvua nzuri yalitosha, mwaka wa mvua mbaya yalitosha kidogo. Hayakuwahi kuwanyima kabisa.

Mama mkwe alikuwa na binti wa kumzaa, dada mdogo wa mume, ambaye alikuwa na haki ya kupewa mbegu ile kuliko mgeni. Hakupewa. "Wewe moto wako unazimika mara tatu kabla chakula hakijaiva," mama alimwambia binti yake mbele ya watu. "Mbegu kwako itaoza." Binti alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Baadaye alifiwa na mumewe, akarudi kuishi ng'ambo ya kijito kwenye kipande alichokatiwa na kaka yake, na kila msimu alikuja kwa wifi yake kuomba mbegu ya mama yake mzazi.

"Nimekuja kuomba urithi wangu," alisema mlangoni, kila mwaka.

"Urithi wako uko juu, umevaa masizi," Mama Kucha alimjibu. "Panda ngazi mwenyewe."

"Nikianguka utanizika kwa gharama yako, wifi."

"Nitakuzika kwa furaha."

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Ruzuku ya serikali ilipokuja kwa mara ya kwanza, ilikuja kwa ujumbe wa simu. Mume wa Mama Kucha alisoma ujumbe ule akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Alikuwa mtu aliyelima kama anayetumikia kifungo cha mwenzake, bila kulalamika, bila kutazama kando. Sasa uso wake ulikuwa umefunguka. "Mama Watoto," alisema, "kumbe wanajua tupo."

Walikwenda kuchukua kwenye ghala la ushirika: mfuko wa mbolea kwa bei ya kuchekesha, na juu yake mfuko mdogo wa mbegu. Mbegu ilikuwa imepakwa dawa ya rangi ya waridi. Wifi alitumbukiza mkono, akainua punje chache kwenye mwanga.

"Hii mbegu imepaka rangi ya mdomo," alisema. "Inakwenda shambani au harusini?"

Bwana shamba alisimama kwenye ngazi za ghala kuwaelekeza. Alikuwa mwanamke, kijana, amevaa buti za mvua zilizomzidi miguu, lakini hakuna aliyeona haja ya kubadili neno. Alikuwa bwana shamba. Aliwaonyesha nafasi ya kupandia, kina cha shimo, mbolea iwekwe kando isiguse punje. Mwisho akasema, "Na jambo moja, naomba mnisikilize. Mbegu hii ni chotara, ya msimu mmoja. Mkivuna, kuleni, uzeni. Msirudie kuipanda."

Watu waligeuza shingo kumtazama Mama Kucha, kama wagonjwa wanavyomtazama daktari wao wa zamani mbele ya daktari mpya. Naye alihisi macho yale.

"Mwanangu," alisema, "umewahi kumsikia mwenye duka akimwambia mteja, ukishanunua leo usirudi tena?"

Watu wakacheka. Bwana shamba alitabasamu kwa adabu. "Mimi siuzi, mama. Ni maumbile yake. Wazazi wake ni wawili wasiofanana. Mtoto anatoka mzuri, lakini wajukuu watamfuata kila mmoja babu yake."

"Hata wangu kila mmoja amemfuata babu yake," Mama Kucha alisema, "na wote wanakula vizuri tu!"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa. Bwana shamba aliendelea kusema kitu, midomo ilionekana, lakini hakuna aliyekisikia.

Mwaka ule walivuna hata wakaogopa. Mahindi yalisimama sawa kama askari, kila bua limebeba. Kichanja hakikutosha, ghala halikutosha, magunia yalilala chumbani na mtu akigeuka kitandani aliyagusa kwa mguu. Mume alikuwa akiamka na kuyatazama. Alisema maneno ambayo hajawahi kuyasema: kwamba kulima nako ni kazi, ukisaidiwa ni kazi kama kazi nyingine, kwamba miaka yote hawakuwa wajinga, walikuwa peke yao tu.

Ile mbegu ya zamani haikupandwa msimu ule. Shamba lote liliingia mbegu ya ruzuku, kwa sababu mbolea ilikuja kwa ajili yake na mume hakutaka kuchanganya. Mahindi yenye punje nyekundu yalibaki kichanjani, yamening'inia, na Mama Kucha alipochukua kigoda chake kwenda kuchagua kutoka kwenye rundo jipya, alihitaji nafasi ya kutundikia mapya.

Hakuwahi kuona rundo kama lile. Maganda yamebana. Punje zimepangana mpaka nchani. Aliubonyeza ukucha, kiini kikakataa. "Huyu mzima." Akachukua jingine. "Mzima." Jingine. Furaha ilimpanda kifuani kama ya msichana. Maneno ya bwana shamba aliyakumbuka, akayaona madogo: maneno ya mtu ambaye hajawahi kulishika hindi lililochaguliwa vizuri. Mbegu ya mtu asiyejua kuchagua ndiyo isiyorudiwa. Yake itakataa vipi?

Akayateremsha yale ya zamani. Aliyashika kidogo, masizi yakampaka viganja. Mumewe alipita na ndoo.

"Hayo si yanaanza kuzeeka?" alimwuliza. "Saga tu."

Akayasaga. Unga ulikuwa na vichembe vyekundu. Waliula ukaisha.

Msimu uliofuata mashamba yalisafishwa mapema, mbolea na mbegu za ruzuku zikasubiriwa. Ujumbe haukuja. Watu walitazama mbingu, wakatazama simu, wakatazama mbingu. Zamani wingu moja jeusi lilitosha kuwatoa watu majumbani na majembe; sasa walisimama kwenye kingo za mashamba yao mikono mifukoni. "Tumekuwa watu wa kungoja," mume alisema, na sauti yake haikuonyesha kama anamlaumu mtu au anajishangaa. Mvua ikaja kabla ya ujumbe. Ikanyesha usiku na mchana.

Asubuhi yake uani kwa Mama Kucha palijaa. Hakumnyima mtu. Alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akayateremsha mahindi mazuri yale, akampa kila mmoja, na kila mmoja alipokea kwa mikono miwili. Wifi alikuja wa mwisho, kanga kichwani, matope mpaka magotini.

"Nimekuja kuomba urithi wangu."

"Urithi wako nimekubadilishia. Huu una afya kuliko ule."

Wifi alilipima hindi mkononi. "Wewe ndiye mwenye ukucha. Nikikosa nitahamia kwako na watoto wote, nilale katikati yako na kaka."

"Utalala jikoni."

"Ndipo penye chakula," wifi alisema, akaenda zake akicheka, mahindi yamejaa kwenye pindo la kanga.

Mbegu iliota yote. Ukucha haukuwa umedanganya. Punje zilikuwa hai, na ukucha haukujua kupima kitu kingine. Mpaka mahindi yalipofika magotini ndipo Mama Kucha alipoanza kulikwepa shamba lake. Bua moja lilikuwa refu jembamba, la pembeni yake limesimama pale pale lilipokuwa wiki iliyopita. Mengine yalitoa mbelewele, yale maua ya kileleni yanayomwaga vumbi, wakati jirani zao hawajafikiria hata kukua. Alipitisha macho mstari hadi mstari akitafuta mawili yanayofanana. Palikuwa kama mkutano wa watu waliokuja kwenye msiba usio wao, hawajuani.

Akatia mbolea ya samadi. Akapalilia mara ya pili, ya tatu. Mgongo ukamuuma na aliufurahia, kwa sababu maumivu yalikuwa ya kitu anachokijua. Mahindi yakabeba: vigunzi vyenye punje upande mmoja, mengine maganda matupu. Watu waliopita njiani walimsalimu. Hakuna aliyemtukana. Ila salamu zilikuwa zimefupishwa, kama zilizokatwa ncha.

Bwana shamba alipita na buti zake, akasimama ukingoni muda mrefu.

"Karibu, mwanangu," Mama Kucha alisema. "Uliniambia."

"Ningekufuata nyumbani, mama, nikakueleza wewe peke yako. Mbele za watu nilikosea."

"Hukukosea. Nilikucheka." Akang'oa jani lisilohitaji kung'olewa. "Ile ya zamani, mnayo huko kwenu? Nyeupe, yenye punje nyekundu?"

"Sidhani, mama. Hiyo mlikuwa nayo ninyi."

Wifi alikuja siku ya pili. Hakupiga hodi. Alibeba hindi moja, akalimenya maganda mbele ya kaka yake na wifi yake, akaliweka juu ya kigoda. Gunzi lilikuwa na punje za kuhesabika.

"Shamba langu lote ni hili," alisema. "Ninyi mna magunia ya mwaka jana chumbani. Mimi yangu niliuza watoto waende shule. Nitakula nini, wifi?"

"Tutagawana yaliyopo," mume alisema haraka.

"Sijakuuliza wewe, kaka." Hakuwa anacheka, na uso wake bila kicheko ulifanana sana na wa marehemu mama yake. "Sawa, tutagawana. Mwakani nipe ile ya zamani. Ya mama."

Mama Kucha alitazama mikono yake. "Haipo."

"Haipo kichanjani?"

"Haipo. Niliisaga."

Wifi aliinua macho kwenye kichanja, kana kwamba aliona bado anataniwa. Halafu akayashusha. "Mama aliniacha mimi akakupa wewe," alisema polepole, "kwa sababu yangu ingeoza. Na wewe ukaila."

Akatoka. Hindi alilisahau kigodani, au alikusudia.

Siku zilizofuata Mama Kucha alivuka kijito asubuhi na kwenda kulima bustani ya wifi yake bila kuombwa. Wifi hakumfukuza, hakumkaribisha. Alimpita na ndoo kama anavyopitwa mtu aliyekaa njiani. Siku moja jua lilipokuwa kali Mama Kucha alikwenda kunawa miguu nyuma ya bafu la nje, pale maji yanapotiririkia, akakuta vishina vichache vya mahindi vimesongamana, vya kijani wakati vingine vimeanza kukauka. Aliinama. Mizizi ya juu ya ardhi ilikuwa ya zambarau. Majani mapana, ya chini yameinama kwa namna ile ile. Hakugusa.

"Wifi!" aliita. "Wifi, njoo!"

Wifi alikuja na sufuria mkononi. "Umeumwa na nyoka?"

"Hii mbegu uliitoa wapi?"

"Hiyo? Ilibaki kwenye kopo tangu mwaka juzi. Nilisahau kuipanda, si unanijua. Tulipokuwa tumeshapalilia nikaona kopo, nikamwaga hapo nipate ya kuchoma." Akatazama vishina, akamtazama wifi yake. "Acha utani."

"Ndiye mwenyewe," Mama Kucha alisema. "Ni mama yako huyu."

Vilikuwa ndiyo kwanza vinatoa ndevu, laini, za kunata, zikingoja vumbi la mbelewele. Na pembeni, hatua chache tu, mabua ya shamba la wifi, ya ile mbegu ya ruzuku, yaliyochelewa kukua, yalikuwa bado yanamwaga lake. Upepo ukija kidogo lilionekana, jepesi, la manjano, likielea kuelekea bafuni. Mama Kucha alijua kitakachotokea. Alishaona mahindi meupe yakizaa punje za njano kwa sababu jirani kapanda njano.

"Tuyakate vilele hayo yote," alisema. "Leo. Sasa hivi. Yakimwaga humu, basi, amekwisha."

"Hayo ndiyo pekee ambayo bado yana matumaini ya kunipa chochote," wifi alisema. "Umenimalizia shamba, sasa unataka na masalia?"

"Najua."

"Na huna hakika."

"Sina hakika."

Wifi aliweka sufuria chini. Aliyatazama mabua yale, mikono kiunoni. Halafu akaingia ndani, akatoka na kisu, na Mama Kucha aliponyoosha mkono kukipokea, wifi akakirudisha nyuma.

"Nakata mwenyewe," alisema.

Akakata. Kilele baada ya kilele, bila kuharakisha, na mwanamke yule ambaye maisha yake yote aliitwa mvivu hakuacha hata kimoja. Mama Kucha alikuja nyuma akiviokota na kuvizika kwenye shimo la takataka.

Yale ya nyuma ya bafu yalipokomaa yalikuwa mahindi machache ya kujaa bakuli, yenye mapengo mengi, maana vumbi lilikuwa haba. Meupe. Katika gunzi la tatu palikuwa na punje moja nyekundu. Mama Kucha aliyapokea kwenye mapaja, akabandua punje ya kwanza, akaigeuza, na ukucha ukaenda wenyewe kwenye kiini.

"Usiguse," wifi alisema.

"Nataka kujua kama ni mzima."

"Tutajua tukipanda. Ukucha wako umeshanichagulia mara moja." Akayachukua yote, hata punje iliyobanduliwa, akayafunga kwa maganda, fundo bovu la mtu asiyezoea. "Haya yanakaa kwangu."



Nyumbani Mama Kucha alimkuta mumewe amesimama uani na simu. Ujumbe umekuja, mapema safari hii, mbolea na mbegu. Alikuwa akimtazama mkewe kwa wasiwasi, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza na mtu aliyemwangusha jana.

"Tuchukue?" aliuliza.

"Kachukue. Tutakula nini tusipochukua?" Alipita akaingia jikoni. Kichanja kilikuwa kitupu, fito nyeusi zinang'aa kwa masizi. "Ila tukivuna, hata moja lisipande hapa juu. Ukiniona nachagua nipokonye."

Alikaa kidogo, halafu akaanza kufunga mzigo wa kuni.

"Unapeleka wapi? Jioni hii?"

"Kwa wifi. Moto wake unazimika. Yale yakikosa moshi wadudu watayamaliza kabla ya mvua."

"Amekuita?"

"Hajaniita."

Alivuka kijito na mzigo kichwani. Mlango wa jiko la wifi ulikuwa wazi, na mahindi yalining'inia kwenye ufito wa paa, chini mno, upande ambao moshi haufiki. Kwenye mafiga kulikuwa na kaa moja linalokufa. Wifi alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Weka hapo," alisema.

Mama Kucha alitua mzigo. Hakuna kigoda alichosogezewa, akapiga magoti kwenye vumbi, akapanga kuni nyembamba juu ya kaa lile, akainama akapuliza. Moshi ulimwingia machoni. Ulipanda, ukapinda, ukaelekea mlangoni, mbali na mbegu.

"Yamekaa vibaya," alisema, bila kugeuka. "Yasogee huku kidogo."

Wifi alichambua jani jingine, na jingine. Kisha akainuka, akayafungua mahindi, akayasogeza, akayafunga upya juu ya moto kwa fundo lile lile bovu.

"Kesho uje mapema," alisema. "Mimi huchelewa kuamka."